Sampuli ya Kumi na Nne

Oktoba, nyuma ya Nyangao,
Ziwa Nachinga limebaki jina.
Limejikata vipande, pembe tano, pembe sita,
kingo zimejikunja juu kama makopa yaliyosahauliwa juani.
Nimekuja na koleo, mifuko ishirini ya nailoni,
kalamu isiyofutika, na fomu ya ofisi
yenye kisanduku cha rangi, kisanduku cha kina,
pasipo kisanduku cha jina la mtu.

Somoe Nantipi amekuja na ulimi.
Anamega bonge, analamba, anafumba jicho moja.
"Huu wa katikati ni mlafi.
Ukiupa maji unavimba,
ukiupeleka motoni chungu kinapasuka kabla ya alfajiri.
Ule mweupe wa ukingoni, chini ya matete,
ule una adabu. Ndio wa mtungi."

Miaka mitatu, Morogoro, niliyasomea hayo
kwa majina marefu: smektiti, kaolini,
na mchoro wa kurasa juu ya kurasa,
nyembamba hata jicho halina habari nazo;
maji huingia katikati yake
kama mgeni wa mkekani: sogea, sogea kidogo.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hapewi.
Hukaa kiangazi kizima,
mpaka tanuri la maabara limtoe kwa nyuzi mia na tano,
na hata hapo hatoki mzima.
Kwa hiyo ziwa halijakauka, nikamwambia Somoe,
limejibana humu ndani.
Akacheka. "Na hilo nalo umelisomea?"

Sampuli ya kwanza mpaka ya kumi na tatu, salama.
Ya kumi na nne, kamba ilipoangukia
palikuwa na nyayo.

Ndogo. Za miguu mitupu. Zimekaukia pale tangu Juni,
tope lilipokuwa laini kama uji wa mtama.
Zinakwenda katikati, zinasita, zinageuka,
na mguu wa kushoto hauna kidole cha mwisho.

Somoe hakusema kitu.
Alivua kanga ya juu, akaitandaza
si juu yake, pembeni,
akakaa kama mtu anayekaa na mtu.
Kijiji kizima kinajua kidole kile kilikwenda na jembe,
na kwamba Siwema hakuimaliza Julai:
homa, siku nne, nusu ya njia ya kwenda Ndanda.
Ni mimi tu niliyehitaji kuambiwa,
na aliyeniambia ni kijana wa kubeba mifuko,
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji.

Koleo langu lilikuwa limeshainuka.
Nikaling'oa lile kigingi,
nikahesabu hatua mbili kusini, nikachimba huko.
Kwenye fomu nikaandika: palepale.

Mvua zitakuja. Somoe anajua kwa magoti,
mimi najua kwa namba:
udongo mlafi utakunywa, kurasa zitaachana,
nyufa zitafumba midomo,
na nyayo zitainuka kutoka chini, polepole,
mpaka zilingane na pasipokanyagwa.
Udongo wenye adabu ungezitunza, ukichomwa.
Lakini mtoto hakupita ukingoni.
Ni nani aliyewahi kuona mtoto akipita ukingoni?

Jioni Somoe alijaza kapu lake udongo mweupe,
akanifungia na mimi bonge katika jani la mgomba.
Sikuliandika namba.

Sasa ramani ya bonde imebandikwa ukutani, Mtwara,
rangi ya kahawia katikati, rangi ya maziwa pembezoni.
Mkaguzi alisifu vipimo vyangu, akagonga muhuri.
Ukienda na kamba yako, msomaji,
utakuta shimo langu haliko ninaposema liko.
Hatua mbili.
Usinisahihishe.